Timu Isiyokuwa na Nchi

"Kocha, hawa West Indies ni nchi gani?"

Aliyeuliza ni kijana wa miaka kama kumi na mitatu, amekaa kwenye nyasi pembeni ya uwanja wa Annadil Burhani hapa Dar es Salaam, pedi zimempita magoti, anasubiri zamu yake ya kupiga. Ilikuwa Jumamosi ya Julai 2025. Mwenzake alikuwa ameshika simu, na wote wawili wameinamia namba ambayo wiki ile ilizungumzwa kila mahali kriketi inapochezwa: 27.

"Siyo nchi," kocha akamjibu. "Ni visiwa vingi, na Guyana ambayo siyo kisiwa."

"Sasa wanaimba wimbo wa taifa gani?"

"Hawana taifa. Wana wimbo wa timu. Na bendera yao ina mnazi."

Kijana akatafakari kidogo, akakaza mikanda ya pedi, akaingia uwanjani. Yeye alisharidhika.

Mimi sikuridhika. Swali lile nimezunguka nalo tangu Julai, kwenye mwendokasi, kwenye foleni ya Ubungo, usiku umeme ukikatika. Nimeamua kuandika, mwaka 2025 ukiwa bado haujaisha.

## Jioni moja Kingston

Wengi mnaosoma hapa mliiona ile mechi au mliisoma asubuhi yake, kwa hiyo nitapita haraka. Tarehe 14 Julai, Sabina Park, Jamaica. West Indies wanahitaji mikimbio 204 kuifunga Australia mechi ya tatu ya Test, ile kriketi ndefu ya hadi siku tano. Mitchell Starc wa Australia, akicheza Test yake ya 100, anachukua wiketi tatu, yaani anawatoa wapigaji watatu, kwenye ova ya kwanza, mipira sita tu. Anafikisha tano ndani ya mipira 15. Halafu Scott Boland anachukua tatu mfululizo. Wapigaji saba wanatoka na sifuri. Ova 14 na mipira mitatu, kazi imekwisha.

Mikimbio 27.

Rekodi ya chini kabisa katika historia ya Test ni 26, ya New Zealand mwaka 1955. West Indies walikuwa wamekwama hapo hapo kwenye 26, na kilichowavusha ni kosa la mdakaji mmoja wa Australia aliyeshindwa kuuzuia mpira. Yaani hata huo mkimbio mmoja uliowaepusha na aibu ya dunia walipewa na adui.

Miezi miwili baadaye, Sharjah, Nepal wakawashinda mfululizo wa T20, kriketi fupi ya ova 20 kwa kila timu, mechi mbili kwa moja. Naiheshimu Nepal, wanaupenda mchezo huu kuliko sisi. Ila Nepal haijawahi kucheza Test hata moja.

Hii ndiyo timu ambayo, kuanzia mwaka 1980 hadi 1995, haikupoteza mfululizo hata mmoja wa Test. Miaka kumi na tano. Kuna watu walizaliwa, wakaanza darasa la kwanza, wakamaliza darasa la saba, na hakuna aliyewahi kushinda mfululizo dhidi ya Holding, Garner, Marshall, Richards na wenzao.

Ni nini kinachoweza kuishusha timu ya namna hiyo kutoka pale hadi hapa?

## Furaha ya Pune

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika kisa hiki, na ni sehemu ya furaha, ndiyo maana inanisumbua.

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kombe la Dunia. Kenya wamepata mikimbio 166 tu. West Indies wanaingia kupiga, na kila mtu anajua ni suala la saa mbili. Rajab Ali anamtoa Brian Lara akiwa na mikimbio 8. Lara! Miaka miwili nyuma yake alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya 375. Maurice Odumbe anachukua wiketi tatu kwa mikimbio 15, na West Indies wote wanatoka kwa 93.

Wazee wa kriketi wa Upanga wakianza kuisimulia siku ile, huwezi kuwakatisha. Ilikuwa ni Kenya iliyoshinda, lakini ilisherehekewa hadi huku. Na inaeleweka. Mwaka 1975, kwenye Kombe la Dunia la kwanza, timu iliyokwenda Uingereza iliitwa Afrika Mashariki, ikiwa na wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Ilipoteza mechi zake zote tatu. Kombe lenyewe lilichukuliwa na West Indies, Clive Lloyd akipiga 102 kwenye fainali pale uwanja wa Lord's, London.

Kwa hiyo kiangazi kile cha 1975 zilikuwepo timu mbili zisizokuwa na nchi. Moja ilikuwa ya kwetu.

Ya kwetu hakuna anayeikumbuka. Ile nyingine ikatawala dunia. Na Kenya waliofanya maajabu ya Pune wakaenda mbali zaidi, wakafika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, halafu ikaja migomo ya malipo, ugomvi wa viongozi, Odumbe akafungiwa miaka mitano mwaka 2004, na mara ya mwisho tuliwaona kwenye Kombe la Dunia ni 2011. Aliyeshinda siku ile na aliyeshindwa siku ile, wote wameporomoka.

## Majibu yasiyonitosha

Ukimuuliza mtu kwa nini West Indies walianguka, jibu la kwanza ni mpira wa kikapu. Televisheni za Marekani ziliingia visiwani, vijana warefu wakaacha kurusha mpira wa kriketi wakamfuata Michael Jordan. Ni jibu tamu, linapita mdomoni bila kukwama.

Lakini visiwa hivyo hivyo vimemtoa Chris Gayle. Vimemtoa Kieron Pollard, Dwayne Bravo, Sunil Narine, Andre Russell. Vimechukua Kombe la Dunia la T20 mwaka 2012 na tena 2016. Mwaka huo wa 2016 ndio unaonitatiza kuliko yote: Februari vijana wa chini ya miaka 19 walitwaa Kombe la Dunia, halafu Aprili, siku moja, mji mmoja, Kolkata, wanawake wakatwaa la kwao la T20 na wanaume wakatwaa la kwao. Makombe matatu ya dunia ndani ya miezi miwili.

Vipaji havikuhamia kwenye kikapu.

Jibu la pili ni fedha za ligi za T20. Kijana wa Trinidad anaweza kwenda India akalipwa kwa wiki chache kiasi ambacho timu ya taifa haitamlipa kwa mwaka. Hili ni kweli, na linauma. Nicholas Pooran aliaga timu ya taifa Juni 2025 akiwa na miaka 29. Lakini angalia tarehe. Australia waliuvunja ule utawala Sabina Park mwaka 1995, Steve Waugh akipiga 200. Aibu ya Pune ilikuja 1996. Afrika Kusini waliwachapa mechi tano kwa sifuri msimu wa 1998 na 1999. Uingereza wakawatoa wote kwa mikimbio 47 mwaka 2004. Ligi ya India ilianza 2008. Ugonjwa ulikuwepo kabla ya anayelaumiwa kuuleta hajazaliwa.

Sipendi wachezaji hawa wanavyoitwa wasaliti. Mtu ana miaka kumi ya kuishi kwa mwili wake, na anatoka mahali ambapo chama chenyewe cha kriketi kimegombana na wachezaji juu ya malipo tangu enzi za Lara. Mwaka 2014 ugomvi huo ulifika mahali timu nzima ikaacha ziara ya India katikati na kupanda ndege. Ukitaka uzalendo, lipa kwanza.

Jibu la tatu ni mgawanyo wa mapato ya dunia. Katika kipindi hiki cha 2024 hadi 2027, India peke yake inachukua asilimia 38 na zaidi ya mapato ya ICC, baraza la kriketi la dunia. Hapo nilikaribia kusema basi, tumepata jibu. Halafu nikaikumbuka New Zealand, nchi ndogo ya mbali, isiyo na fedha za India wala za Uingereza, iliyotwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa Test mwaka 2021.

Kwa hiyo nikarudi nyuma. Badala ya kuuliza kwa nini walianguka, nikauliza walipandaje.

## Nyumba ya kupanga

Hapa ndipo mawazo yangu yalipobadilika, na naomba tukae kidogo.

Chukua orodha ya ile timu ya kutisha, kisha uliza kila mmoja alikuwa wapi kuanzia Aprili hadi Septemba. Clive Lloyd: Lancashire. Viv Richards na Joel Garner: Somerset. Gordon Greenidge na Malcolm Marshall: Hampshire, na kabla ya Marshall alikuwepo Andy Roberts hapo hapo. Michael Holding: Derbyshire. Colin Croft: Lancashire. Desmond Haynes: Middlesex. Courtney Walsh: Gloucestershire.

Walikuwa Uingereza. Karibu wote. Wakicheza karibu kila siku, kwenye baridi, kwenye viwanja vibichi ambavyo mpira unakwenda kama hautaki, dhidi ya wapigaji wazuri, kwa mshahara. Kaunti za Uingereza, yaani klabu za mikoa yao, zililipa gharama ya kumfundisha Marshall kazi yake, na Marshall akarudi kuitumia kuwapiga Waingereza wenyewe mechi tano kwa sifuri mwaka 1984.

Hata mababu zao walipita njia hiyo. Learie Constantine wa Trinidad alikwenda kucheza Nelson, mji wa viwanda vya pamba, mwaka 1929. Frank Worrell, Everton Weekes na Clyde Walcott, wote watatu wa Barbados, walicheza kwenye ligi za Lancashire.

Ongeza Kerry Packer. Tajiri huyu wa televisheni wa Australia aliwachukua West Indies kwenye mashindano yake kuanzia 1977, akawalipa fedha ambazo hawajawahi kuziona, na akawapa mkufunzi wa viungo, Dennis Waight, Mwaustralia mkali asiyejua kubembeleza. Mashindano ya Packer yalipokwisha, Waight akabaki na timu zaidi ya miaka ishirini. Zile pumzi za Holding na Garner jioni ya siku ya nne, wakati wapigaji wamechoka na wao bado wanakimbia, hazikuwa bahati ya kuzaliwa. Zilifanyiwa kazi alfajiri.

Utawala ule ulijengwa kwenye nyumba ya kupanga. Kaunti zilipopunguza nafasi za wageni hadi mmoja kwa kila klabu, na zikaanza kupendelea majina makubwa yaliyokwisha kuiva, kijana wa miaka ishirini kutoka Antigua akawa hana mlango. Nyumbani hakuna aliyekuwa amechimba msingi. Viongozi waliamini kwamba wao huzaa warushaji kama bahari inavyozaa samaki.

Na ilikuwa rahisi kuamini hivyo! Barbados ina watu wasiofika laki tatu. Dar es Salaam, kwa sensa ya 2022, tuko zaidi ya milioni tano na laki tatu. Kisiwa kile kidogo kiliwatoa Marshall, Garner, Greenidge na Haynes katika kizazi kimoja. Antigua, yenye watu karibu laki moja tu, ikawatoa Richards, Roberts, Ambrose na Richie Richardson. Ungekuwa kiongozi wa chama pale mwaka 1985, ungemsikiliza nani anayekuambia jenga kituo cha mafunzo?

Siwezi kusema visiwa havikufanya lolote. Shule na klabu za Barbados zilikuwa na kriketi nzito kabla hata hawajapanda meli. Lakini kati ya mtoto mwenye kipaji na mchezaji asiyeshindika kuna miaka mitano hivi ya kazi ngumu ya kila siku, na miaka hiyo ililipiwa na mtu mwingine.

## Mtu wa Georgetown

Kuna jambo moja ambalo hoja ya fedha na mafunzo hailigusi, na nisipolisema nitakuwa nimeandika kama mhasibu.

Clive Lloyd alizaliwa Georgetown, Guyana, mwaka 1944. Miaka miwili kabla yake, mji huo huo, alizaliwa mwanahistoria Walter Rodney. Huyu wa pili sisi tunamjua. Alifundisha Mlimani, aliishi na kubishana hapa hapa jijini mpaka 1974, wakati Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU. Kila nikienda uwanja wa kriketi wa Chuo Kikuu huwa namfikiria. Hasira aliyokuwa akiiandika ndiyo ile ile wenzake walikuwa wakiirusha kwa kasi kwenye viwanja vya Uingereza.

Mwaka 1976 nahodha wa Uingereza, Tony Greig, mzaliwa wa Afrika Kusini, alisema kwenye televisheni kwamba atawafanya West Indies watambae. Majira yale watu wa Soweto walikuwa wakiuawa. Holding akachukua wiketi 14 kwenye mechi ya mwisho, uwanja wa The Oval, London.

Na Afrika Kusini ya ubaguzi ilipokuja na fedha nyingi ili waende kucheza kwake, Viv Richards alikataa. Aliingia uwanjani na kitambaa mkononi chenye rangi nyekundu, dhahabu na kijani. Wengine walikwenda, Croft na Lawrence Rowe wakiwemo, wakafungiwa maisha na jamii ikawageuzia visogo. Wengi wao hawakuwa na kazi wala nafasi kwenye timu. Nawahurumia, na bado naona Richards alikuwa sahihi.

Timu ile haikuwa na nchi, lakini ilikuwa na sababu. Shirikisho la West Indies, lile la kisiasa, lilianza 1958 na kufa 1962. Mawaziri wakuu walishindwa kukaa pamoja. Wachezaji wakaweza, kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuthibitisha ambacho Mjamaika na Mbarbados walikielewa bila kuelezwa. Sisi Jumuiya yetu ilikufa 1977 na hatukuwa na hata timu ya kutubakiza.

Sasa Afrika Kusini iko huru. Uingereza siyo bwana tena. Kijana wa Trinidad wa leo anajisikia Mtrinidadi, ana bendera yake na wimbo wake, na sijui kwa nini alazimishwe kubeba hasira ya babu yake. Chama kinagawanyika kwa bodi sita, kila moja na kura zake. Lile vazi la rangi ya damu ya mzee ni la nani hasa?

Hapa ndipo ninapokwama kila usiku. Nikisema kilichokufa ni sababu, basi hakuna kituo cha mafunzo kitakachowafufua. Nikisema kilichokufa ni mafunzo, basi bado kuna kazi ya kufanya.

## Shamar

Kilichonisukuma upande wa pili ni kijana mmoja.

Shamar Joseph anatoka Baracara, kijiji cha Guyana kilicho ndani ya mto Canje, unafika kwa boti. Alifanya kazi ya ulinzi. Mwaka mmoja tu baada ya kuanza kriketi ya juu, Januari 2024, akaitwa timu ya taifa kwenda Australia, na mpira wake wa kwanza kabisa kwenye Test ukamtoa Steve Smith. Mechi iliyofuata, Brisbane, kidole cha mguu kimeumia kwa mpira wa Starc, akarusha bila kupumzishwa na kuchukua wiketi saba kwa mikimbio 68. West Indies wakashinda kwa mikimbio 8, ushindi wao wa kwanza wa Test nchini Australia tangu 1997. Lara alikuwa kwenye kibanda cha watangazaji, analia.

Hakuna anayeweza kuniambia kijana yule hakuwa na sababu. Aliwaka.

Lakini fikiria alivyopatikana. Kwa bahati, akiwa mtu mzima, baada ya miaka ya kulinda geti. Ziko Baracara ngapi ambako hakuna aliyepita? Na hao wa makombe matatu ya 2016 walitunzwa vipi? Daren Sammy, nahodha wa wanaume, alisimama na kombe mkononi Kolkata akalalamika hadharani jinsi chama kilivyowaacha, hata sare zikawa tatizo. Hakuwa nahodha tena baada ya siku ile. Miaka saba baadaye, Julai 2023, West Indies walifungwa na Scotland pale Harare na kwa mara ya kwanza wakakosa Kombe la Dunia la ova 50. Leo Sammy huyo huyo ndiye kocha wao, anaulizwa yeye kuhusu 27.

Mimi naamini ni malezi. Sababu huzaliwa upya kila mahali mtu anapodharauliwa, na visiwa vile bado vinadharauliwa vya kutosha. Kinachokosekana ni mtu wa kumshika kijana akiwa na miaka kumi na sita na kukaa naye hadi ishirini na moja, kila siku, kwa mshahara.

## Windhoek

Tarehe 15 Januari 2026, timu yetu ya vijana chini ya miaka 19 inaingia uwanjani Windhoek, Namibia. Ni mara ya kwanza Tanzania kufika Kombe la Dunia la kriketi la aina yoyote. Walikwenda kwenye mchujo wa Afrika, Nigeria, wakawaacha wengine nyuma. Na wapinzani wao wa mechi ya kwanza, kwa jinsi kundi lilivyopangwa, ni West Indies.

Natamani washinde. Natamani wafanye yale ya Pune, na nitapiga kelele hadi majirani waje kuuliza kuna nini.

Lakini wakishinda, nawaomba ndugu zangu wenye nafasi kwenye mchezo huu wasiniambie kwamba Watanzania tumezaliwa na kipaji. Waniambie mwezi Machi vijana hawa watakuwa wanacheza wapi, mechi ngapi kwa wiki, dhidi ya nani, na kocha wao analipwa na nani.